Novemba daftari huwa jipya: maswali yenu kuhusu kumi bora wa tenisi 2026

Katika toleo lililopita tuliwaomba mtutumie maswali kuhusu msimu ujao wa tenisi ya wanaume. Mengi yametoka Nakuru, Kisumu na pande za magharibi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: nani atakuwa wapi mwaka wa 2026 ukiisha. Tunajibu tukitumia orodha ya viwango vya ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume) iliyofunga mwaka wa 2025.

Sisi walimu wa shule moja hapa Nakuru huwa tunabashiri kumi bora kila Desemba. Mwishoni mwa 2024 nilinakili orodha ya mwaka huo neno kwa neno, nikaipeleka kama utabiri wangu wa 2025. Nimepata majina sita tu. Nilikosea wapi? (Mwalimu, Section 58, Nakuru)

Mwalimu, sita si haba. Kati ya kumi waliofunga mwaka wa 2023, saba walikuwemo tena 2024. Tsitsipas, Rune na Hurkacz ndio walioteleza. Mwaka uliofuata wakasalia sita. Medvedev, Ruud, Rublev na Dimitrov walitoka, wakaingia Auger-Aliassime, Musetti, Shelton na Draper. Kwa hivyo anayenakili orodha nzima anajua mapema kwamba majina matatu au manne yatamponyoka. Kazi ni kuyajua ni yapi.

Tazama hao walioingia walikuwa wapi mwaka mmoja kabla. Mwaka wa 2024 waliingia Ruud kutoka nafasi ya 11, de Minaur kutoka 12 na Dimitrov kutoka 14. Mwaka wa 2025 Draper alitoka nafasi ya 15, Musetti 17, Shelton 21 na Auger-Aliassime 29. Hakuna aliyetoka nafasi ya 60. Kwa hiyo andika majina thelathini ya kwanza, basi. Hao wengine waache hata kama umeona video zao tamu kwenye simu.

Kisha chora safu tatu mbele ya kila jina. Ya kwanza ni pointi zake zote. Ya pili ni pointi za mashindano yake mawili bora. Ya tatu ni miezi aliyocheza akiwa mzima. Safu ya pili ikizidi nusu ya ile ya kwanza, mweke alama nyekundu, kwa sababu mtu huyo amesimama juu ya wiki mbili au nne za bahati njema. Mfano mzuri ni Valentin Vacherot wa Monaco. Aliingia Shanghai Oktoba 2025 akiwa nambari 204, akapitia mchujo, akatwaa taji na pointi 1000, na Jumatatu akaamka akiwa nambari 40. Ni hadithi ya kusisimua, lakini huwezi kuizidisha mara kumi ukapata msimu. Safu ya tatu hufanya kinyume: aliyepata pointi nyingi kwa miezi michache amekuonyesha kwamba mwaka mzima ungempa zaidi, mradi mwili ukubali.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: aina ya kiwanja. Ukijumlisha pointi za bingwa katika Grand Slam nne, yaani yale mashindano makubwa ya Melbourne, Paris, Wimbledon na New York (2000 kila moja), Masters 1000 tisa za daraja linalofuata (1000 kila moja), na fainali za mwisho wa mwaka mjini Turin (hadi 1500 kwa asiyeshindwa), unapata 18,500. Kati ya hizo, 11,500 ziko kwenye viwanja vigumu, 5000 kwenye udongo, na 2000 tu kwenye nyasi. Mtaalamu wa udongo anaweza kung'aa kuanzia Aprili hadi mapema Juni, halafu akamaliza miezi mitano akiokota makombo.

Naambiwa Alcaraz ana pointi nyingi za kutetea mwaka ujao, kwa hivyo Sinner lazima amalize nambari moja. Ni kweli? (Kijana wa Migosi, Kisumu)

Jibu huenda likawa sahihi, lakini sababu si sahihi, na kosa hili tunalisikia kila mwaka.

Orodha ya ATP huhesabu wiki 52 zilizopita. Pointi ulizopata Rotterdam mwaka huu zinadondoka mwaka ujao Rotterdam ikifika, na nafasi yake inachukuliwa na ulichovuna safari hii. Hiyo ndiyo maana ya kutetea. Basi ukitaka kujua nani atakuwa nambari moja wiki fulani ya Aprili, hesabu ya kutetea ni ya lazima. Lakini ukitaka orodha ya mwisho wa mwaka, kufikia Novemba 2026 pointi zote za 2025 zitakuwa zimeshadondoka, za kila mchezaji, bila kubaki hata moja. Daftari ni jipya. Aliyekuwa na 12,000 na aliyekuwa na 1,200 wote wameanza Januari na sufuri.

Tuifanye hesabu ya Aprili kwanza, maana inafurahisha. Alcaraz alifunga 2025 na pointi 12,050, Sinner 11,500. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili, Alcaraz anadondosha 400 za Melbourne, 500 za Rotterdam, 100 za Doha, 400 za Indian Wells, 10 za Miami, 1000 za Monte Carlo na 330 za Barcelona. Jumla 2,740, anabaki na 9,310. Sinner anadondosha 2000 za Melbourne peke yake, kwa sababu kuanzia Februari 9 hadi Mei 4, 2025 alikuwa akitumikia marufuku ya miezi mitatu. Anabaki na 9,500. Kwa hivyo wakivuna sawasawa katika miezi hiyo, Sinner anampita kwa pointi 190, kiasi cha kuteleza mara moja tu.

Sasa Novemba. Hapa swali ni nani atavuna zaidi. Sinner alipata 11,500 zake katika mashindano 12, yaani wastani wa 958 kwa kila shindano. Alcaraz alicheza 16, wastani wa 753. Sinner hakugusa Indian Wells, Miami, Monte Carlo wala Madrid. Akifika nusu fainali tu katika hizo nne ni pointi 400 mara nne, yaani 1,600 juu ya alizonazo. Alcaraz naye ana shimo lake, ila si kubwa kama hilo: hakucheza Madrid wala Shanghai, na Toronto wote wawili hawakucheza. Tena Miami na Masters ya Paris ya Oktoba (si ile Grand Slam) alipata pointi 10 kila mahali.

Dhidi ya hilo kuna ukweli kwamba walipokutana mara sita mwaka wa 2025, Alcaraz alishinda nne, ikiwemo fainali ya Paris ya Juni iliyochukua saa 5 na dakika 29, ambapo aliokoa pointi tatu za ubingwa. Tena mwili wa Sinner si chuma: Shanghai mikakamao ya misuli ilimtoa kiwanjani. Sisi tunamweka Sinner wa kwanza, kwa nywele. Lakini usiseme ni kwa sababu Alcaraz ana pointi za kutetea.

Djokovic atabaki kumi bora akiwa na miaka 39? (Mama Wawili, Kericho)

Ndiyo, tunadhani, ingawa amesimama juu ya miguu minne tu. Mwaka wa 2025 alifika nusu fainali katika Grand Slam zote nne. Hizo ni 800 mara nne, yaani 3,200 kati ya pointi zake 4,830. Zilizobaki ni fainali ya Miami, nusu fainali ya Shanghai, mataji mawili madogo ya Geneva na Athens, na visenti vya hapa na pale.

Mama, chukua makadirio mabaya. Atolewe raundi ya nne katika mbili kati ya hizo Grand Slam: kila moja inampa 200 badala ya 800, anapoteza 1,200 na kubaki na 3,630. Nafasi ya kumi mwaka wa 2025 ilifungwa kwa pointi 2,990. Bado yumo. Kitakachomtoa ni jeraha moja linaloangukia wiki mbili za Grand Slam, kwa sababu hachezi mashindano ya kutosha kuziba pengo. Anatimiza 39 Mei 22, siku chache kabla ya Paris.

Tupeni orodha yenu, na mseme mnamtoa nani. Msijifiche nyuma ya takwimu. (Mfanyabiashara, Bungoma)

Haya. 1 Sinner, 2 Alcaraz, 3 Auger-Aliassime, 4 Zverev, 5 Shelton, 6 de Minaur, 7 Fritz, 8 Bublik, 9 Djokovic, 10 Fonseca.

Tumewatoa Draper na Musetti. Draper ndiye rahisi kueleza na mgumu kuamua. Taji la Indian Wells na fainali ya Madrid zilimpa 1,650 kati ya 2,990, kwa hivyo safu ya pili inamtia alama nyekundu. Safu ya tatu inamtetea: karibu pointi zake zote alizipata kabla ya katikati ya Julai. Angekuwa mzima tungemweka wa nne bila kusita. Lakini alichoumia ni mfupa wa mkono wa kushoto, na yeye ni wa mkono wa kushoto. Ndio mkono wa sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi. Mchezaji akiumia kifundo cha mguu hurudi na sevu yake ile ile. Akiumia mkono wa sevu hurudi akiipunguza kasi, kisha hupoteza pointi rahisi za bure, kisha mechi zinarefuka, kisha sehemu nyingine ya mwili inaanza kulalamika.

Musetti atatuletea barua za hasira. Fainali ya Monte Carlo (650), nusu fainali za Madrid na Roma (400 kila moja) na nusu fainali ya Paris (800) ni 2,250 kati ya 4,040. Zote ni za udongo, zote ndani ya wiki tisa. Amejitahidi kwenye viwanja vigumu, hata akafika robo fainali New York, ila kurudia Aprili na Mei kama ile mwaka wa pili mfululizo ni kazi. Mvua moja ya Roma, droo moja mbaya ya Paris, na pointi elfu moja zimekwenda.

Bublik anaingia kwa hesabu ya miezi. Machi 2025 alikuwa amezama nje ya themanini bora. Kisha akashinda Halle, Gstaad, Kitzbühel na Hangzhou, akafunga mwaka akiwa wa 11. Yaani alijenga nyumba hiyo kwa nusu mwaka. Akicheza kiwango cha kawaida kuanzia Januari, hata bila taji, anaingia. Tatizo lake ni kichwa chake, na hilo halina safu kwenye daftari.

Fonseca, Mbrazili aliyezaliwa Agosti 2006, alifunga mwaka akiwa wa 24, yaani yumo ndani ya zile thelathini. Kinachotushawishi ni kwamba mataji yake mawili ya 2025 yanatoka sehemu mbili tofauti kabisa: Buenos Aires kwenye udongo wazi, na Basel kwenye kiwanja kigumu cha ndani. Kijana anayeshinda pote pawili kabla ya kutimiza miaka 20 hategemei kona moja ya kalenda.

Mtaona tumebadilisha majina mawili tu, na juu tumesema hubadilika matatu au manne. Tulimtafuta wa tatu wa kumtoa, tukazunguka kati ya Fritz na Zverev, tukakosa ujasiri. Kwa hivyo takwimu zetu wenyewe zinasema kuna angalau jina moja hapo ambalo tumelikosea.

Nacheza Nakuru. Mpira hapa unaruka sana, na nasikia Madrid ni vivyo hivyo. Je, jambo hilo lina maana katika kubashiri? (Mchezaji wa wikendi, Lanet)

Lina maana kwa shindano hilo moja, na Gstaad na Kitzbühel pia. Madrid iko takriban mita 650 juu ya usawa wa bahari, Gstaad kama 1,050. Nakuru iko karibu 1,850, na hata Kisumu kwa mita zake 1,130 inaizidi Gstaad. Hewa nyembamba haiushiki mpira: unakwenda kasi zaidi, unavuka mstari wa nyuma kirahisi, na mzunguko wa juu hauushushi haraka kama ilivyo usawa wa bahari. Anayefaidi ni mwenye sevu kubwa. Ndiyo sababu Zverev, ambaye si mfalme wa udongo, alitwaa Madrid 2018 na 2021. Ukibashiri Madrid, waongezee wenye sevu, na usilichukue shindano hilo kama kipimo cha Paris.

Kwako wewe: kaza nyuzi kwa ratili moja au mbili zaidi ya mtu wa Mombasa, na tafuta mipira yenye presha ya chini iliyotengenezwa kwa nyanda za juu. Mpira wa kawaida ukifunguliwa Nakuru unaruka kama mbuzi wiki ya kwanza, kisha unakufa.

Kuna jamaa hapa anatengeneza mkeka (dau moja la mechi nyingi) wa vigogo sita kila raundi ya kwanza ya Grand Slam, anasema hawa hawapotezi. Mbona hupoteza? (Mhudumu wa boda, Kondele, Kisumu)

Kwa sababu anajumlisha pale panapotakiwa kuzidisha. Tuseme kila kigogo ana asilimia 80 za kushinda. Sita wote kushinda ni 0.8 mara yenyewe mara sita: asilimia 26. Yaani mikeka mitatu kati ya minne inachanika, na mara nyingi ataona amekosa kwa mechi moja tu, ndipo anarudi kesho.

Mwambie pia asome odi vizuri. Gawanya 1 kwa odi upate asilimia. Odi 1.80 ni 55.6, odi 2.00 ni 50, jumla 105.6. Hizo 5.6 za juu ni za mwenye duka, na kwenye mkeka unalipa ada hiyo kwenye kila mechi. Jambo la tatu ni kujitoa. Kampuni nyingine hulipa seti moja ikikamilika, nyingine hurudisha pesa mechi isipoisha. Melbourne Januari 2025 Djokovic alijitoa dhidi ya Zverev baada ya seti ya kwanza kukamilika. Cincinnati Agosti, Sinner alijitoa kwenye fainali akiwa nyuma 0-5, seti haijaisha. Matukio mawili, sheria mbili, na ugomvi mwingi kwenye kibanda.

Cha muhimu zaidi ni kwamba hata mkubwa hashindi kwa pengo kubwa. Roger Federer aliwaambia wahitimu wa Dartmouth mwaka wa 2024 kwamba alishinda karibu asilimia 80 za mechi zake, lakini asilimia 54 tu za pointi. Pengo hilo dogo hulipa kwa sababu ya urefu wa mechi. Mwenye asilimia 60 za kushinda kila seti ana asilimia 65 katika mechi ya seti tatu, na 68 katika ya seti tano. Grand Slam inamsaidia kigogo, ila si kiasi cha kufuta umaskini.

Tuko watu kumi na wawili, kila mmoja ataandika orodha yake ya kumi bora. Tupigeje alama bila kugombana? Na mechi zenyewe ni saa ngapi? (Katibu wa kikundi, Kakamega)

Msihesabu majina tu, hesabuni umbali. Ukimweka mtu wa 5 akamaliza wa 13, umepata 8. Jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wekeni kikomo cha 10 kwa kila jina, la sivyo jeraha moja linaua mchezo mzima. Dimitrov alikuwa akimwongoza Sinner seti mbili bila Wimbledon 2025, msuli wa kifua ukakatika, akatoka. Aliyemweka kumi bora hakukosea hesabu.

Kipimo cha mtu mvivu mnacho tayari. Tumempigia alama mwalimu wetu wa Nakuru aliyenakili orodha ya 2024: Sinner 1, Zverev 1, Alcaraz 2, Fritz 2, Medvedev 8, Ruud 6, Djokovic 3, Rublev 8, de Minaur 2, Dimitrov 10. Jumla 43. Atakayepata zaidi ya 43 amefikiri sana na kushindwa na aliyenakili.

Saa: Melbourne usiku ni saa tano asubuhi kwetu, na mechi zao za mchana huanza saa tisa usiku. Uwanja mkuu wa Wimbledon, saa tisa na nusu alasiri, yaani baada ya chakula na kabla ya chai. New York usiku ni saa nane usiku, na huko Agosti mtaona nani ni shabiki kweli.

Fungeni orodha kabla ya Januari 18, siku Melbourne inapoanza, na asiruhusiwe mtu kubadilisha jina baada ya droo kutoka. Wakilingana wawili, mshindi ni aliyekisia karibu zaidi pointi za nambari moja wa mwisho wa mwaka. Mwaka wa 2024 zilikuwa 11,830, na 2025 zikawa 12,050. Sisi tumeandika 12,400.